Giaboksi ya Bi Mkubwa

3 Machi

Kwako Nati, fundi mstaafu wa magari ya zimamoto,

Nakuarifu kwamba jana nimeliendesha lile gari jipya la kituo, lile refu lenye giaboksi otomatiki, kutoka kituoni mpaka sokoni na kurudi. King'ora nimekipiga, watu wamenipungia mikono, na nimeshuka bila hata tone la jasho.

Basi sawa, nimekudanganya. Sokoni sijafika. Hata getini sijafika. Mlinzi alikwenda chooni, mimi nikapanda nikakaa kwenye kiti, injini imezimwa kabisa, nikawa nabonyeza vitufe. Nati, hakuna fimbo ya gia! Kuna vitufe kama vya redio. Nikatafuta klachi kwa mguu wa kushoto, nikakanyaga hewa. Miaka thelathini na moja mguu huu ulikuwa na kazi yake, leo hauna hata pa kukaa. Nikajiona mjane. Mlinzi aliporudi akaniambia, "Babu, shuka, hilo si la kuchezea." Nikamjibu kwamba mimi nilianza kuzima moto kabla mama yake hajaolewa. Akasema, "Sawa babu, shuka na moto wako."

Nikiwa na uchungu huo ndipo naambiwa kwamba wewe, wewe Nati niliyekuwa nakuita ndugu, umempasua Bi Mkubwa tumbo na unataka kumtia giaboksi ya namna hiyohiyo. Bi Mkubwa wetu! Gari tulilozeeka nalo, mimi nikiwa kwenye usukani na wewe uvunguni. Nilidhani kikosi kilipowapa wastaafu lile gari na wewe ukalipeleka uani kwa binti yako, ulikwenda kulipaka rangi na kulibadilisha matairi. Kumbe ulikwenda kulifundisha uvivu.

Nijibu kwa barua. Simu usipige, mara ya mwisho nilikuuliza binti hajambo, ukanijibu oili imekuwa nyeusi na ina harufu ya kuungua. Ving'ora vilitumaliza masikio, tukubali.

Mimi dereva wako,
Honi

12 Machi

Honi,

Umeniandikia ukurasa mzima na nusu yake ni uongo, kwa hiyo hujabadilika.

Giaboksi sikuichagua mimi. Mkuu wa kituo amesema tarehe ishirini Juni kituo kipya kitafunguliwa, na anataka Bi Mkubwa aongoze msafara, amebeba watoto ishirini wa shule pale nyuma tulipokuwa tunapanga mipira ya maji. Hakuna dereva hata mmoja kikosini anayeweza giaboksi yake. Nilimleta mmoja akajaribu. Nilimweleza: kushusha gia, kanyaga klachi, toa gia, achia, piga mafuta kidogo, kanyaga tena, ndipo uingize. Akaniangalia kama ninamfundisha kucheza ngoma. Akasaga gia mpaka binti yangu akatoka na mkasi mkononi kuuliza nani anauawa.

Nimepata giaboksi otomatiki ya lori lililopinduka. Ni nzima. Nimetengeneza vishikizo vipya, na propela ya kuzungusha magurudumu ya nyuma nimeipunguza urefu. Na wewe usije ukaigusa, maana najua ujinga wako. Giaboksi hii huwezi kuipima oili kama unavyopima ya injini. Unawasha, unaiacha ipate moto, gia iko huru, injini inanguruma, ndipo unachomoa kijiti. Ukipima imezimwa, oili yote imeshuka chini na kijiti kitakudanganya kuliko unavyonidanganya wewe.

Kuna fomu ya kujaza kabla watoto hawajapanda. Inataka saini mbili, ya fundi na ya dereva wa majaribio. Fundi ni mimi. Kwenye dereva nimekuandika wewe, kwa sababu wengine wote wamekufa.

Goti lako likoje?

Nati

21 Machi

Kwako Nati muuaji wa klachi,

Goti halijambo, linakusalimu, linasema afadhali sasa lipumzike.

Nimekubali kuwa dereva wa majaribio. Lakini ujue nikikaa pale nitakanyaga klachi isiyokuwepo, kwa heshima yake. Na nikisikia Bi Mkubwa anabadilisha gia mwenyewe nitamwomba radhi. Alikuwa anataka kubembelezwa yule, na mimi ndiye niliyejua kumbembeleza. Wewe ulijua kumfungua nati tu.

Hayo ya oili nimeyasoma mara mbili. Injini inanguruma, imepata moto, gia huru. Umeniona mjinga lakini umenifundisha, asante mwalimu. Msalimie binti, mwambie baba yake mdogo anataka suruali mpya ya siku ya msafara, kiuno kimeongezeka.

Honi

15 Aprili

Honi,

Giaboksi imekaa. Siku kumi na moja nimelala uvunguni, mgongo umekakamaa kama ubao. Binti anasema nikitoka pale nafanana na masizi ya jikoni. Suruali yako ameikata tayari, ila anasema vipimo ulivyotuma ni vya mtu wa miaka ya nyuma.

Breki nimezifungua zote nikazifunga upya. Taa zinawaka. Kengele ya shaba nimeing'arisha.

Oili ya giaboksi nimeipima asubuhi kabla sijawasha. Kijiti kikaonyesha imezidi sana, nikamwaga lita nne na nusu. Sasa iko sawasawa.

Nati

24 Aprili

Kwako Nati, uliyekuwa mwalimu,

Nimekaa kitako kwenye kitanda changu nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Tangu tufahamiane sijawahi kukushika ukikosea. Hata mara moja! Siku ile nilipokuambia springi imekatika ukasema haijakatika, ikawa kweli haijakatika. Siku ile nilipobisha juu ya mkanda wa feni, nikaaibika mbele ya kikosi kizima. Leo nimekukamata mchana kweupe.

Umepima oili injini imezimwa! Wewe! Uliyeniandikia kwa mkono wako kwamba anayefanya hivyo ni mjinga! Barua ninayo, nitaitia kwenye fremu niitundike juu ya mlango. Hebu rudisha hizo lita nne na nusu haraka kabla Bi Mkubwa hajaunguza matumbo, halafu uniandikie kwa maandishi makubwa: HONI ALIKUWA SAHIHI. Nataka neno hilo peke yake kwenye mstari.

Mimi mshindi,
Honi

2 Mei

Honi,

Sijawahi kuandika upuuzi huo. Fundi gani anapima giaboksi otomatiki injini ikiwa imezimwa? Nimefundisha mafundi kumi na tisa, na wa kwanza niliyemfukuza nilimfukuza kwa kosa hilo. Unawasha, unaacha ipate moto, gia huru, injini inanguruma. Miwani yako ibadilishe. Au ni utani wako, na safari hii sikuupenda.

Kazi inaendelea. Gurudumu la nyuma la kushoto nililitoa nikalirudisha, lilikuwa na mlio.

Oili ya giaboksi nimeipima leo asubuhi kabla sijawasha. Kijiti kikaonyesha imezidi, nikamwaga lita nne na nusu. Sasa iko sawasawa.

Nati

9 Mei

Nati ndugu yangu,

Nilianza barua hii kwa mzaha nikaichana. Ya pili nikaichana. Hii ndiyo ya tatu.

Isome barua yako uliyoniandikia tarehe mbili. Najua huwa unanakili barua zako kwenye kijitabu chako cha kazi, tangu enzi zile ulipokuwa unasema mimi nabadilisha maneno yako. Kichukue. Soma mwanzo wake, halafu soma mwisho wake. Mwanzo unanifundisha, mwisho unafanya kilekile ulichonikataza. Kwenye ukurasa mmoja, Nati. Kalamu moja.

Sikucheki. Naapa sikucheki. Niambie una nini.

Honi

17 Mei

Honi,

Nimesoma.

Nilikwenda uani nikaangalia ndoo. Mna lita kumi na tatu na nusu. Hiyo ni mara tatu, si mbili, na mimi sikumbuki hata lita moja.

Nitakuambia wewe, na usimwambie mtu. Ilianza mwaka jana. Nilikuwa nimeshika kitu, nakijua kazi yake, nakijua uzito wake, najua kinaingia wapi, ila jina lake likakataa kuja. Ilikuwa spana, Honi. Namba kumi na saba. Nikaona ni uzee tu, nikaendelea. Kisha nikaanza kujikuta nimesimama uani sijui nilikuwa natoka au naingia. Naandika kila kitu kwenye kijitabu. Lakini kijitabu nacho nasahau kukisoma.

Nikiwa ndani ya nyumba ni mzee anayeulizwa kama amekula. Nikiwa uvunguni mwa lile gari, mikono inakwenda yenyewe na mimi naifuata. Wakinitoa pale sijui nitakwenda wapi.

Oili nimeirudisha yote, nimepima inavyotakiwa, nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu. Breki nina hakika nazo, hizo hata nikisahau jina langu sitazikosea. Imebaki mwezi mmoja. Fomu nimeiweka humu ndani. Saini yangu ipo. Tia yako, irudishe. Msafara ukiisha nitaacha mwenyewe, kwa hiari yangu, nitafunga geti na funguo nitampa binti. Nipe mwezi huo mmoja tu.

Binti asijue.

Nati

24 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia wewe na si baba yako, na bahasha nimeiandika jina la duka lako la kushona ili asiifungue. Kama uko mbele yake, weka hii barua chini ya kitambaa uisome baadaye.

Baba yako ana ugonjwa wa kusahau. Umeshika kichwa chake. Nimekuwekea humu barua zake mbili, ile ya tarehe mbili Mei na ile ya mwisho. Zisome mwenyewe, mimi maneno ya shule sina, niliishia darasa la nne, nako nilikuwa nakaa nyuma. Ameniomba nisikwambie. Nakwambia.

Kuna fomu inayosema gari ni salama kupakia watoto. Inasubiri saini yangu. Nimekaa nayo siku tano. Siku ya tatu niliitia saini. Siku ya nne nikaifuta kwa kifutio, nikasugua mpaka karatasi ikatoboka. Nayo nimeitia humu, tundu lipo, utaliona. Tungekuwa mimi na yeye tu, ningetia saini na ningepanda, na kama ni kwenda mtaroni tungekwenda wote, vikongwe viwili, nani angehesabu. Lakini watakaa watoto ishirini pale nyuma, na kila mmoja ameahidiwa kupiga kengele.

Mtafute fundi mwingine aliangalie gari lote, gurudumu kwa gurudumu. Halafu funga uwanja wako kwa kufuli jipya.

Akikuuliza nani amesema, mwambie ni mimi. Usijitwike. Wewe unaishi naye, unampikia, unamfungia vifungo. Mimi niko mbali, hasira zake zikinifikia zitakuwa zimepoa njiani.

Baba yako mdogo,
Honi

31 Mei

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako niliipata nikiwa napima mteja. Niliisoma palepale, nikamchoma yule mama wa watu na pini.

Kwanza nilikukasirikia. Nikasema hawa wazee wamegombana tena juu ya giaboksi, sasa wanasingiziana maradhi. Kisha nikaanza kukumbuka. Spana kwenye kabati la vikombe. Mara mbili kunisalimia asubuhi moja, na mara ya pili kwa furaha kuliko ya kwanza. Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani ananitania, kama zamani.

Nimemwita fundi wa magari ya taka, mtu mzima, mpole. Nilimwambia baba kwamba amekuja kujifunza kwake, na baba akafurahi sana, akamwonyesha kila kitu. Breki ziko sawa. Yule fundi aliniambia pembeni kwamba hajawahi kuona breki zilizofungwa vizuri namna ile. Lakini gurudumu la nyuma la kushoto, nati zote nane zilikuwa zimeingizwa kwa vidole tu. Hazikukazwa. Alizigusa zikazunguka kama vifuniko vya chupa.

Nilimwambia baba jioni hiyo, tukiwa mezani, kwamba kazi ya gari imekwisha. Nilimwambia kama ulivyoniagiza, kwamba ni wewe. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake. Asubuhi nilimkuta kwenye geti la uwanja na shada lake la funguo. Alijaribu funguo zote, moja baada ya nyingine, kwenye kufuli langu jipya. Alipofika mwisho akaanza upya. Nilikuwa nimesimama dirishani na sikuweza kutoka.

Baba mdogo, ulifanya sawa. Lakini sijui kama nitakusamehe mapema.

Mwanao

10 Juni

Kwa dereva,

Fomu yangu ina tundu mahali pa saini yako.

Ningekuwa mimi, ningekuja kwanza. Ningepanda basi, nikakaa na wewe uani, nikakwambia usoni. Wewe uliandikia mtoto.

Usiniandikie tena.

Fundi

7 Septemba

Mwanangu,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu, na dereva hakujua kosa, nikamwonyesha, akaniambia babu kaa chini.

Umeniomba katika kikaratasi ulichonitilia kwenye mkoba nikueleze yaliyotokea ile Jumamosi ulipokuwa kwa mteja, maana uliporudi ulitukuta mimi nimelowa jasho, na baba yako amekasirika. Nakueleza.

Nilikuja miezi mitatu nimechelewa. Alisema kweli, ilitakiwa nije kwanza. Niliogopa uso wake. Moto sikuuogopa, uso wa Nati niliuogopa. Hata siku ya msafara sikwenda, niliomba wasinihesabu. Nasikia Bi Mkubwa alipita juu ya tela, amefungwa minyororo kama mwizi, na watoto wakatembea kando yake kwa miguu. Wote walifika. Hilo nalishika.

Basi nilimkuta kwenye chumba chako cha kushonea, karibu na cherehani. Nilikuwa nimejiandaa, nimekariri maneno ya kuomba radhi njia nzima mpaka abiria wa pembeni alihama. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. Akasema, "Wewe ndiye dereva mpya?"

Maneno yote yakanikimbia. Nikasema ndiyo.

"Umechelewa. Kaa."

Nikakaa. Akachukua ndala zako mbili, akaziweka chini ya miguu yangu, akaongeza ule mto mdogo wa pini. Akasema, "Klachi, breki, mafuta." Akanipa fimbo yake ya kutembelea, akaishika ncha, ndiyo ikawa gia. "Sasa tuko mlimani, nyuma tuna maji tani nne, mbele kuna nyumba inaungua. Shusha gia."

Nikakanyaga ndala. Nikatoa gia. Nikaachia, nikapiga mafuta, nikachomwa na pini, nikakanyaga tena, nikaingiza. Sauti ya injini nilikuwa naitoa mimi kwa mdomo, kwa sababu alinikemea nilipokaa kimya, akasema gari limezimika. Mwanangu, nimeendesha lile gari miaka thelathini na moja. Lakini fimbo ilikuwa inanicheza.

"Unasaga," akasema. "Unasikia? Unasaga. Rudia."

Nikarudia. Tulikaa saa tatu nzima, mwanangu, kwa saa ya ukutani. Alinieleza kila kitu bila kukosea hata neno. Alinieleza jinsi ya kusikiliza injini kwa nyayo. Hilo hakuwahi kuniambia zamani, alidhani nalijua, na mimi sikuwa nalijua. Nimezeeka bila kulijua.

Nikapata ujasiri kidogo, nikamwuliza, "Mzee, kabla yangu nani alikuwa dereva wa gari hili?"

Akafikiri sana. Akasema, "Alikuwepo mmoja, tukimwita Honi. Mwongo yule, mwongo mpaka kwenye kucha. Lakini hakuwa anasaga."

Nikamwuliza, "Yuko wapi?"

Akasema, "Kuna kitu kilitokea. Kuna kitu alinifanyia." Akaanza kutafuta, namwona kabisa anatafuta, macho yanakwenda ukutani, yanarudi, mkono unapapasa fimbo. Nikaona akikipata kitamuumiza upya, kama siku ile ya geti. Nikasaga gia kwa makusudi, nikapiga kelele kwa mdomo kama chuma kinakatika. Akaruka. Akanipiga kofi mkononi. "Umefeli!" akasema. "Umefeli kabisa! Rudi Jumamosi ijayo!" Hapo ndipo ulipoingia wewe.

Sasa nimeisoma ile sehemu ya pili ya kikaratasi chako. Unasema Jumamosi nikija utatoa ile picha yetu ya kikosi, umwonyeshe mimi ni nani, ili anikumbuke na tupatane. Najua unataka kunifurahisha. Kweli ningependa kuitwa jina langu na kinywa kile, hata kwa tusi. Lakini akinikumbuka mimi atakumbuka na tundu kwenye fomu, na kufuli. Na akikumbuka leo, kesho atasahau, na keshokutwa itabidi aambiwe tena. Mara ngapi tumfungie lile geti?

Mwanangu, mimi nilibeba lawama ya lile kufuli badala yako, na ulikubali niibebe. Kwa hilo nakudai kitu kidogo, na nataka unilipe Jumamosi. Picha iache kabatini. Niwekee ndala zako mlangoni, mto wa pini uondoe pini. Na ukitusikia, pita tu, umwache anifelishe.

Honi